Donge Lililolala Usiku Kucha

Donge la roti canai linapofika mezani asubuhi, sehemu kubwa ya kazi imeshakwisha. Mgeni aliyesimama mbele ya kibanda mjini George Town, katika kisiwa cha Penang nchini Malaysia, simu mkononi, anasubiri kuona unga ukirushwa hewani. Atauona, na atafurahi, maana ni jambo la kupendeza kwa kweli: donge linalojaa kiganjani linabonyezwa, linapigwa mezani, linainuliwa, linageuzwa, na kufumba na kufumbua limekuwa utando mwembamba unaoonyesha rangi ya meza iliyo chini yake. Lakini kilichouzuia utando ule usichanike kilifanyika jana jioni, wakati mgeni yumo hotelini akipanga kesho ale wapi.

Penang ni mahali ambapo watu hufunga safari kwenda kula. George Town iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, pamoja na mji wa Melaka, kwa sababu ya majengo yake na mchanganyiko wa watu wake. Ila ukikaa na wasafiri wenyewe utasikia zaidi habari za vyakula vya barabarani. Kuna asam laksa, tambi ndani ya mchuzi mkali wa samaki na ukwaju. Kuna nasi kandar, wali unaomwagiwa michuzi ya namna kwa namna mpaka ichanganyike. Kuna cendol ya barafu, tui na sukari ya mnazi kwa ajili ya jua la mchana. Wengi hutembea na orodha: wanaonja hiki, wanapiga picha, wanakimbilia kile. Siwalaumu, safari ni fupi na tumbo ni moja. Hata hivyo naamini chakula cha barabarani ugenini hufahamika vizuri zaidi kwa mtu anayerudi kibanda kilekile kila asubuhi. Siku ya kwanza ulimi ndio unaofanya kazi yote. Baadaye macho na masikio nayo hupata nafasi, na hapo ndipo unapotambua kwamba aliye mbele yako ni fundi, na kwamba ufundi wake una mambo mengi kuliko yale yanayoingia kwenye picha.

Kibanda nilichokizoea hakiko mbali na Msikiti wa Kapitan Keling, kwenye kivuli cha baraza za maduka ya zamani. Ni meza moja ya chuma kisichoshika kutu, jiko la gesi lenye kikaango kipana bapa, sufuria za mchuzi, na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi ukingoni mwa mtaro. Msikiti ule ulianzishwa mwaka 1801 na Waislamu wa Kihindi, wengi wao wakiwa wametoka Pwani ya Coromandel, miaka kumi na mitano tu baada ya Francis Light kukitwaa kisiwa kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki mwaka 1786. Watamil Waislamu ndio ambao Malaysia nzima huwahusisha na roti canai, na migahawa yao, inayoitwa mamak, mingi hukaa wazi usiku na mchana. Mpishi wangu ni mmoja wao, mtu wa makamo, mikono mifupi yenye nguvu. Nilimtolea salamu ya Kiislamu, nikamwita abang, kama wenyeji wanavyomwita kaka. Akaitikia, akaniita kak, yaani dada, na kuanzia hapo nikawa na kiti changu ubavuni mwa meza. Nilipomwomba nije jioni anapokanda, alishangaa kidogo. Hatua hiyo haiombwi na wageni.

Unga wa ngano wa kawaida, wa aina ile ile tunayopikia chapati na maandazi, unamiminwa katika beseni pana. Chumvi. Sukari kidogo. Samli, na maziwa mazito ya kopo, yale matamu, ambayo huifanya roti iive na rangi ya dhahabu. Hamira haimo. Baada ya hapo yanakuja maji, na kwenye maji ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini, kwa sababu hana kikombe cha kupimia. Anamwaga kidogo, anavuruga kwa vidole, anasimama, anaongeza. Penang ina joto na unyevu mwaka mzima, na unga uliokaa gunia wazi siku ya mvua huwa umeshakunywa unyevu wa hewa kabla haujafika beseni. Kipimo cha jana hakimfai leo. Anaendelea mpaka unga unanata kiganjani kisha unabanduka wenyewe, na hapo anajua maji yametosha.

Kisha anakanda. Anasukuma kwa kitako cha kiganja, anakunja, anageuza robo, anasukuma tena, uzito wa mabega ukishuka hadi kwenye beseni. Hana haraka na hapumziki. Kinachotokea ndani ya unga kinajulikana: ngano ina protini ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa gluteni, nyuzi ndefu zinazovutika. Bila gluteni hakuna roti ya namna hii; unga wa mchele au wa muhogo ungekatika mkononi. Lakini gluteni iliyotoka kukandwa ni kaidi, ukiivuta inarudi. Yeyote aliyewahi kusukuma donge la chapati mara tu baada ya kulikanda ameshaona linavyojikunyata kila anapoinua mti wa kusukumia. Dawa yake ni muda tu. Nyuzi zikiachwa zitulie hulegea, na donge lililokuwa likishindana na mkono huanza kuufuata.

Kwa hiyo mpishi huyu hupumzisha unga wake, na hupumzisha mara tatu. Mara ya kwanza ni baada ya kukanda: donge kuu linafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa muda unaomtosha mtu kuswali na kunywa chai. Mara ya pili ndiyo ndefu. Analishika donge kuu kwa mkono wa kushoto, anafumba ngumi, na donge dogo linachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada, laini, la mviringo, lisilo na mkunjo. Anakaza, linakatika. Linaingia kwenye mafuta, linageuzwa mpaka lilowe pande zote, linapangwa kwenye sinia karibu na wenzake. Nililitazama sinia lile lilipojaa na sikuweza kusema donge lipi ni kubwa na lipi ni dogo, ingawa mzani haukuwapo. Mafuta yanapakwa tena juu, mpaka sinia zima linang'aa, kwa sababu donge likikauka hufanya ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayochanika asubuhi. Kinafuata kifuniko, na usiku mzima.

Kabla ya kufunika alinionyesha jambo moja ambalo lilinifundisha kuliko maelezo yote. Alilibonyeza kwa kidole donge alilotoka kulikata, na kishimo kikajaa mara moja. Akavuta sinia jingine, la unga aliokuwa ameukanda mchana kwa ajili ya jirani yake wa zamu ya usiku, akabonyeza vilevile. Kishimo kikabaki palepale, kikijaa polepole mno. La kwanza bado lina hasira, alisema. La pili zimekwisha.

Mimi nimekulia Tanga, na mama alitufundisha kwamba chapati nzuri ni ile inayochambuka. Anakanda, anafunika, anasukuma, anapaka mafuta, anakata, anaviringisha, anaacha tena, kisha anasukuma mara ya pili. Kwa hiyo wazo lenyewe la tabaka na la kusubiri sikulikuta Penang. Chapati ilifika kwetu na Wahindi: wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat waliovuka kwa majahazi, na baadaye vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Roti ya Penang ilipelekwa na Wahindi wa kusini, waliovuka bahari kwa upande wa pili. Hata kutandaza unga kwa mikono mitupu, bila mti wa kusukumia, tunao mafundi wetu: wapika mkate mayai wa Mombasa, na vijana wa Forodhani kule Unguja wanaotandaza donge lililokaa kwenye mafuta, wakaweka nyama ya kusaga na yai katikati, wakakunja pembe nne. Aliyewahi kusimama mbele yao, akiletewa murtabak, roti iliyojazwa nyama na yai, kisiwani Penang, atatambua mara moja kwamba hiki na kile alichokula nyumbani ni ndugu. Nilifurahi sana kulijua hilo kwa ulimi kabla sijalisoma mahali popote.

Asubuhi ya Penang huchelewa. Mwaka 1982 saa za Rasi ya Malaysia zilisogezwa mbele ili zilingane na za Sabah na Sarawak, majimbo yaliyo mbali mashariki, na tangu hapo jua la George Town huchomoza baada ya saa moja. Mpishi huwasha jiko gizani, akitoka kuswali alfajiri. Meza inapakwa mafuta. Sinia linafunuliwa, na madonge ambayo jana yalikuwa yamevimba na kusimama sasa yamekaa bapa kidogo, yamegusana. Analichukua moja kwa vidole vitatu, bila kulibana.

Hapa ndipo simu zinapoinuliwa, na mimi pia naomba nikae kidogo hapa, kwa kuwa kurusha kwenyewe hutazamwa sana na kuonekana kidogo. Kwanza analigandamiza donge kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka lifikie ukubwa wa sahani. Mkono wa kulia unaingia chini ya ukingo, wa kushoto unashika kwa juu, vifundo vya mikono vinageuka kwa pamoja, na unga unaruka, unajipindua, unatua mezani: paa! Wengi hudhani hewa ndiyo inayoutanua. Nimetazama asubuhi nyingi na naona meza inafanya kazi kubwa zaidi. Ukingo wa mbali unatangulia kugusa chuma na kunata, na wakati huohuo mikono inauvuta ukingo wa karibu kurudi kwa mpishi. Unga unatanuka katikati ya vitu hivi viwili, meza inayoshika na mkono unaovuta. Mafuta yakizidi mezani, unga unateleza na hautanuki. Yakipungua, unanata mno na kuchanika. Ndiyo maana kila baada ya roti kadhaa anapitisha kiganja juu ya meza, mara kuongeza mafuta, mara kuyafuta, na hapo hakuna anayepiga picha.

Kila anaporusha, anageuza kidogo, ili utanukaji usiwe wa upande mmoja. Mara nne au tano zinatosha. Ukingo hubaki mnene, kwa hiyo anauzungukia kwa ncha za vidole, anauvuta taratibu mpaka nao ulingane na katikati. Kitundu kikitokea hakimshughulishi, kitafichwa ndani ya mkunjo. Kinachomshughulisha ni unene: sehemu yoyote iliyobaki nzito itakuwa mbichi wakati nyingine zimeshaiva. Kisha ananyanyua upande mmoja juu na kuushusha upesi, hewa ikabaki imenaswa chini, anaukusanya utando wote kuwa kamba legevu iliyojaa hewa na mafuta, anaizungusha duara, anaficha ncha chini yake. Katika duara lile dogo, kila tabaka la unga limetenganishwa na tabaka la mafuta.

Na analiacha. Huku ndiko kupumzisha kwa tatu, kwa dakika chache tu, na kwangu mimi ndiko kunakomtenga fundi na mtu anayejua kurusha. Maduara yamepangwa mstari ukingoni mwa meza. Jipya linawekwa kushoto, la kupika linachukuliwa kulia. Nimemwona na foleni ya wateja imefika barabarani, wafanyakazi wa ofisi wakitazama saa, mtoto wa shule akigonga sarafu mezani, na mkono wake haukuvuka hata mara moja kwenda kuchukua duara la kushoto. Angelichukua, lingesinyaa alipolibonyeza, tabaka zingebanana, na mteja angepewa kitu kigumu cha kutafuna. Mteja huyo pengine asingejua tofauti. Mpishi angejua.

Duara lililopumzika linabonyezwa kwa kiganja, pana tena, na kupelekwa kwenye chuma. Kikaango kile kikubwa hakina joto la aina moja: katikati, juu ya moto, ni kali, pembeni ni pole. Roti huanzia katikati ili uso wake ushike upesi, kisha husogezwa pembeni ili ndani ipate kuiva bila nje kuungua. Anaweza kuwa na roti kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja katika hatua yake, naye huzisogeza bila kuzitazama sana, kwa sababu anasikiliza. Unga mbichi ukigusa mafuta ya moto hutoa sauti nene yenye maji. Maji yakipungua sauti huwa nyembamba na kavu. Anageuza kwenye mabadiliko hayo. Nilianza kulitambua jambo hili baada ya kumwona akigeuza roti iliyo nyuma ya mgongo wake huku anamrudishia mtu chenji.

Zikitoka motoni zinapigwa makofi. Roti inawekwa mezani, viganja viwili vinaijia kutoka pande mbili na kuisukuma kwa pamoja, inageuzwa, vinaisukuma tena. Mvuke unatoka kwa nguvu, harufu ya samli inafika mpaka upande wa pili wa barabara, na kile kilichokuwa bapa kinafumuka mbele ya macho yako, tabaka juu ya tabaka, nyingine zimevunjika, nyingine zimening'inia. Si mbwembwe. Ndani ya roti kuna mvuke uliozitenganisha tabaka wakati wa kuiva, na mvuke huo ukiachwa ndani utazilowesha na kuzigandisha. Lazima utolewe mara moja, wakati roti bado ni ya moto kiasi cha kuunguza mkono usioizoea. Kwetu tunafanya kinyume: chapati ikitoka tunaifunika kwenye hotipoti, tena kwa kitambaa, ili mvuke uifanye laini na ikunjike vizuri ikikutana na maharage. Sioni sababu ya kushindanisha. Wao wanataka nje iwe kavu na ndani iwe laini, kwa muda wa dakika chache zile ambazo roti iko sahanini, na kila walichofanya tangu jana jioni kilielekea kwenye dakika hizo.

Mchuzi nitausema kwa ufupi, ingawa unastahili zaidi. Kuna dengu zilizopondeka, za manjano, zenye haradali na pilipili kavu zilizokaangwa. Kuna mchuzi wa samaki wenye ukwaju. Kuna sambal, pilipili iliyosagwa na kupikwa mpaka ikawa nyekundu iliyokolea, tamu kidogo mwanzoni. Unachana roti kwa mkono wa kulia na kuchovya. Wapo wanaoagiza ya mafuriko, banjir, roti iliyochanwachanwa na kumwagiwa mchuzi hadi izame. Ni tamu, lakini inaua kazi yote ya makofi, na moyo wangu huuma nikiiona.

Chai ina fundi wake, kijana wa upande wa pili wa kibanda. Chai nyeusi nzito inachujwa kwa mfuko wa kitambaa, inachanganywa na maziwa ya kopo, kisha inavutwa: kikombe kimoja kinapanda juu ya kichwa, kingine kinashuka hadi kiunoni, na chai inapita hewani katikati yao pasipo kumwagika. Kwa njia hiyo maziwa mazito yanachanganyika sawasawa, moto unapungua mpaka chai inyweke, na juu panakaa povu zito. Wenyeji huiita teh tarik. Ninapenda namna anavyomaliza: kikombe cha juu hushuka polepole kwenye mmiminiko wa mwisho, na povu lote linakaa mahali pake.

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na roti canai na teh tarik vikatajwa pamoja na nasi lemak, wali wa tui la nazi. Majirani zao wa Singapore walikuwa wametangulia mwaka 2020 kwa utamaduni wa vibanda vyao vya chakula. Ninaona wamestahili. Lakini orodha haikandi unga, na swali la nani atakanda baada ya hawa limekwisha kuzua mjadala pale Penang. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba wageni hawataruhusiwa kuwa wapishi wakuu wa vyakula kadhaa maarufu vya vibandani, na katazo hilo likaanza kutumika mwaka 2016. Naielewa hofu iliyo nyuma yake: ladha ya mji inaweza kupotea bila mtu kuitangazia msiba. Ila siamini kwamba ufundi umo katika damu. Roti yenyewe ililetwa na wahamiaji, na katika miji mingi ya Malaysia leo inarushwa na vijana waliotoka India na Bangladesh. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni madonge ya kiwandani. Yapo, yanauzwa kwa katoni, na ipo pia roti iliyokwisha kukunjwa na kugandishwa, inayosafirishwa nchi za mbali. Inamfaa aliye ughaibuni na hamu yake, nami nisingemnyima. Kibandani, hata hivyo, anayenunua madonge hukosa ule usiku, na mkono wake hauwezi kujua kwa nini unga wa leo ni tofauti na wa jana.

Mpishi wangu ana msaidizi, kijana mdogo bado, ambaye kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kukata madonge tu. Kurusha alifundishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, baada ya wateja kuondoka, paa, paa, mpaka kitambaa kikajifunza kutua kimenyooka. Aliporuhusiwa kugusa unga, roti zake za kwanza zilikuwa za kula wenyewe, hazikuuzwa. Siku za mwisho za safari yangu alikuwa akipika peke yake wakati bwana mkubwa anapokwenda kuleta gesi. Roti yake ilikuwa nzuri, nzito kidogo ukingoni. Mzee aliporudi aliichukua moja sahanini kwangu bila kuniuliza, akaipapasa ukingo kwa kidole gumba, akamwonyesha pale palipobaki nene, akanilipa kwa kunipikia nyingine. Kijana alitikisa kichwa kukubali na kurudi mezani. Roti iliyofuata aliuzungukia ukingo mara mbili.

Msomaji atakayebahatika kufika George Town, namshauri asiende kwanza kwenye vibanda vyenye majina makubwa, ingawa vile vya Mtaa wa Transfer vina sifa zao na havikuzipata bure. Tembea asubuhi katika mitaa ya karibu na msikiti mpaka usikie meza inapigwa. Angalia ukingo wa meza kama pana maduara yanayosubiri. Kama hayapo, endelea mbele. Agiza kosong, roti tupu, isiyo na yai wala kitunguu wala ndizi, maana hapo unga hauna pa kujificha. Bei yake ni kiasi cha ringgit 2, na hata msafiri mwenye mfuko mwembamba anaweza kuagiza ya pili. Kaa ubavuni, usikae mbele, uone mikono pamoja na chuma. Kula ya kwanza kwa dengu, ya pili kwa mchuzi wa samaki. Nenda mapema, kwa kuwa madonge ya siku ni yale yaliyokatwa jana, na sinia likiisha kabla ya saa nne hawezi kukukandia mengine hata ukimwongezea pesa. Atakwambia uje kesho, na anamaanisha kesho.